Maji Aliyonyweshwa Mama

Mwembesongo, Morogoro
14 Machi 1998

Kaka yangu mpendwa Stambuli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na wifi Chausiku pamoja na watoto, na kwamba ule mguu ulioteguka umeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Chakula hakipiti vizuri, lakini najilazimisha. Mjomba Mwinshehe amerudi Kinole tangu juzi, maana shamba lake halina mtu wa kuliangalia.

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema Yustina, mpangaji wetu wa chumba cha uani, awe ametoka na watoto wake kabla ya arobaini ya mama, kwa sababu yeye ndiye aliyemnywesha mama maji, kuhara kukazidi mpaka akafa. Unasema ukimkuta bado yupo utamtoa kwa mkono wako. Sijampa notisi, kaka. Kabla hujapanda basi naomba unisome mpaka mwisho, ingawa nakujua, huna subira na barua ndefu.

Wewe hukuwahi mazishi, na mambo ya siku ile umeyasikia vipandevipande. Mama aliteremka kutoka Kinole Alhamisi na mananasi na mdalasini wake. Tangu biashara iwe ruksa hakukubali tena kuwauzia wachuuzi kule juu. Alitaka auze mwenyewe mjini, na apate nafasi ya kunigombeza kwa wembamba wangu. Ijumaa alfajiri alianza kuhara. Ilipofika saa mbili asubuhi alikuwa anatoa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele, na macho yameingia ndani. Kipindupindu kilikuwa mtaani wiki ile, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Yustina tangu apunguzwe kazi kiwandani anapika maandazi uani. Siku ile aliyaacha yakaungua. Alichemsha maji, akayapoza, akatia sukari na chumvi kama alivyofundishwa kliniki, akakaa chini kando ya kitanda na kumpa mama kikombe baada ya kikombe. Mama alitapika, akanywa tena. Yustina alisema tutafute gari tumpeleke kambi ya wagonjwa, na njiani tuendelee kumnywesha. Hapo ndipo nilipoingia mimi na elimu yangu.

Wewe ndiye uliyenisomesha mpaka chuo, kwa hiyo una haki ya kujua nilisoma nini. Mwaka jana tulifundishwa jinsi seli za mwili zinavyopashana habari. Homoni nyingi zikitoka mbali haziingii ndani ya seli. Zinagonga ukutani tu. Ndani anainuka mjumbe, kemikali ndogo iitwayo saikliki AMP, anapeleka agizo, halafu anavunjwa na seli inatulia. Sumu ya kipindupindu inauvuruga utaratibu huo. Wajumbe wanatengenezwa bila kukoma, wote na agizo moja, na seli za utumbo zinazidi kumwaga chumvi nje huku maji yakiifuata. Nililipenda sana somo hilo. Nilipata A kwenye jaribio lake, nikakuandikia, nawe ukanitumia kitenge.

Basi nilipomtazama mama niliwaona wale wajumbe. Nikajiambia kwamba kama agizo ni kumwaga, kila kikombe tunachompa tunakimwaga na kuongeza maradhi. Nilimwambia Yustina aache. Alibisha, akasema niangalie vizuri, mama anaanza kupata mate mdomoni na ameyafungua macho. Nikamuuliza yeye hayo amesomea wapi. Ndiyo, kaka, nilimuuliza hivyo mbele ya mama. Nikamnyang'anya kikombe, nikakiweka juu ya kabati, nikaenda kununua vidonge vya kufunga tumbo, siku hizi maduka ya dawa yako kila kona. Nilitaka tumbo lifunge kwanza ndipo tumpeleke, mama asije akaaibika njiani mbele za watu. Niliviamini mimi kwa ujinga wangu kabla hata mama hajavimeza. Gari lilipopatikana saa nane mchana, alikuwa ameshakata roho.

Mabwana afya walikuja na madawa yao. Hatukuruhusiwa kumwosha mama kama ilivyo desturi, wala kumpandisha Kinole akalale kwa wazazi wake. Jioni ile mjomba Mwinshehe alipofika aliniuliza mgonjwa alipewa nini. Nilimjibu kwamba Yustina alikuwa anamnywesha maji. Sikusema zaidi. Halikuwa neno la uongo, na kwa sababu halikuwa la uongo lilikwenda mbali sana. Wiki hiyo hiyo watu wakaacha kununua maandazi yake. Wewe mwenyewe limekufikia Songea.

Baada ya hitma nilikwenda kwa Abel, mwanafunzi mwenzangu, nikaazima daftari lake. Kipindi kilichofuata somo lile sikuhudhuria, nilikuwa nimekwenda kuwahi robota la mitumba, maana tangu chuo kianze kutuchangisha nusu ya darasa letu ni wafanyabiashara. Abel alikuwa ameandika kwamba utumbo una njia nyingine ambayo mjumbe yule haifungi. Sukari na chumvi zikifika pamoja zinapitishwa kuingia mwilini, na maji yanazifuata, hata sumu ikiwa bado imo. Kuhara hakukomi papo hapo, lakini mtu anaishi. Yustina hakujua habari za mjumbe. Alijua maji ya sukari na chumvi tu, kaka, na hayo yalitosha. Mama alikuwa anapona mikononi mwake.

Bado kuna moja, na hili hata Yustina halijui, maana nilikuwa nimemtoa chumbani. Niliporudi na vidonge mama aliomba maji. Sauti ilikuwa imekwisha, alionyesha tu kwa kidole. Aliomba mara tatu. Nilimwambia avumilie kidogo dawa ifanye kazi, na mara ya tatu nilimgeuzia mgongo nikajifanya nakunja nguo. Alikufa na kiu, na ni mimi niliyemnyima.

Jana nilimwambia Yustina kwamba nakuandikia yote. Aliniuliza kama nimekula.

Mpe salamu wifi Chausiku, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kama utasafiri, Mungu akufikishe salama. Mjomba nimemwandikia maneno haya haya, na barua yake imeondoka asubuhi na gari la Kinole. Ukitaka kuichana hii, ichane. Kama kuna mtu wa kutoka nyumba hii, mzigo wangu nimeshaufunga.

Ni mimi mdogo wako,
Nasra