Cheka Kama Siku Ile

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mwanao Chiriku ambaye yuko chumba cha pili, amejifungia. Miguu inaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia inavimba kwa kusimama kutwa ukipiga pasi mashuka ya hoteli. Jitahidi upate hata kiti cha kuegemea. Sisi, kwa upande wa mwili, ni wazima.

Umeuliza mbona picha za wageni hazijafika. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningeishia kusema tuko salama.

Kazi yangu unaifahamu. Profesa anatafiti jinsi watoto wanavyojifunza kubuni mambo kwa kutumia kompyuta. Watoto wanakuja baada ya masomo, wanaachwa watunge michezo yao wenyewe kwa kupanga amri kwenye skrini. Mimi nakaa pembeni na kuandika: nani kakwama, kajinasua vipi. Kuwasaidia ni marufuku. Mwanzoni nilikuwa naiendea kazi ile mbio, dada, kama naenda harusini.

Ndipo Chiriku akatengeneza yule kuku. Alitaka aende kulia, akakosea amri, kuku akatokomea kushoto mpaka akatoka nje ya skrini. Mtoto alicheka hadi akateleza kitini. Badala ya kusahihisha, kosa akalifanya ndio mchezo: ukimwita kuku anakimbia akisema "Sitaki!", ukimfukuza anakuja. Profesa, aliyekuwa mlangoni, alishika mdomo. Alisema hicho ndicho alichokitafuta tangu aanze kazi hii.

Picha za siku ile ndizo ulizowaringishia wenzako. Kilichofuata sikukuambia chote. Wafadhili walianza kuja, na kila kundi lilitaka kuona kosa likitokea. Profesa akaniagiza nimwandae mtoto. Basi nikawa namketisha sebuleni: kosea hapa, shangaa kidogo, halafu cheka kama siku ile. Akitaka kujaribu kitu kipya, namwambia angoje wageni waishe. Wageni hawakuisha.

Utaniuliza kwa nini sikukataa. Nyumba hii ni ya chuo. Nafasi ya Chiriku shuleni imetokana na kazi yangu. Kila nikitaka kufungua mdomo nilikuwa naona virago vyetu viko nje. Siku moja nilijikaza nikamgusia Profesa. Alifunga mlango wa ofisi, akanieleza kwa upole kwamba naye kabanwa kama mimi: wafadhili wakikasirika, chumba cha kompyuta kinafungwa na watoto wote wanaambiwa wasije tena. "Mimi mwenyewe siku hizi sitafiti," akasema. "Naonyesha tu." Nikatoka na maneno yangu tumboni.

Wiki iliyopita lilikuja kundi kubwa kuliko yote. Chiriku akakosea palepale, akashangaa, akacheka. Kicheko kilikuwa kilekile, dada, hata ile pumzi anayoivuta katikati. Makofi yakalia. Kisha akanigeukia, akaninong'oneza, "Mama mdogo, nimecheka vizuri?"

Sijui nilipandwa na nini. Nilisimama nikawaambia wageni kwamba walichokiona tumekifanyia mazoezi, na kwamba tangu waanze kuja mtoto huyu hajabuni kitu. Profesa aliangalia viatu vyake. Nimeshaachishwa kazi, mwisho wa mwezi tunahama, na wapi pa kwenda bado sijui.

Nilidhani mtoto angefurahi kuachiwa. Wapi! Alinipiga ngumi za mapajani akilia, "Umeharibu kila kitu!" Alipotulia ndipo akaniambia jambo lililonifanya nikuandikie. Aliwahi kumsikia mgeni mmoja akitaja mji uliko wewe. Akaamini wote wanatoka huko kwako, wakirudi wanakusimulia alivyofanya, na kwamba siku wakikuambia amefanya vizuri sana, utaruhusiwa kuja. Siku zote zile, dada, alikuwa anakuchekea wewe. Mimi nilikaa pale nikiandika kila anachofanya, hilo sikuliona.

Akaniuliza sasa nani atakwambia. Nikamjibu nitakwambia mimi.

Kwa hiyo ukipiga simu, nakuomba usimsifu kwa lolote wala usiulize habari za kompyuta. Mwambie lini unakuja. Kama hujui, mwambie hujui, asije akakaa anajiuliza ni wapi hakucheka vizuri.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na wewe mwenyewe jitunze. Jirani wa ghorofani anakusalimu.

Ni mimi,
Mdogo wako