Mzazi wa Kumsimamia Jaha

Malindi,
20 Aprili 1988.

Dada yangu mpenzi Khamisa,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, na kwamba miguu ya Mama imepoa. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina swali linalonisumbua tangu zamani: ninapomkataza mtoto jambo, namlinda yeye, au nailinda nafasi yangu kwake?

Wajua kwamba dukani nakodisha kanda za filamu na michezo ya video. Ile ya kuuana nimeipandisha rafu ya juu, na ukutani nimebandika ilani kuwa aliye chini ya miaka kumi na minane hapewi mpaka aje na mzazi. Hakuna sheria iliyonilazimisha. Niliona ni wajibu wangu.

Shule zilipokaribia kufungwa, Jaha akautaka mmoja wa michezo hiyo. Nilimwambia sharti ni lile lile, ingawa ni mwanangu na ana miaka kumi na mitano tu. Kwa siri nilifurahi. Nilidhani ataniomba mimi, tukae pamoja mbele ya televisheni kama zamani. Tangu Badawi aniache akamwoa Wangu, karani wa kiwanda cha chumvi kule Gongoni, likizo zote mtoto huzimalizia kwao, na akirudi ni Wangu kanisuka, Wangu kanifundisha kupika irio ya viazi na mahindi.

Jumamosi iliyopita akaja naye. Wangu aliniamkia kwa adabu, na Jaha akatangaza mbele ya wateja kwamba mzazi ndiye huyo. Nikajibu kuwa mzazi ni aliyezaa. Mwambire, fundi wa redio, akacheka na kuniuliza tangu lini sisi watu wa pwani mke wa baba si mama, au huko chuo kikuu nilikosoma mama hutolewa kwa cheti? Duka zima likaangua kicheko. Wangu akasema kwa upole kuwa hakuja kugombana. Hata hivyo nikakataa kuwapa mchezo. Wakaondoka, na jioni yake Jaha akaniletea salamu kuwa atamwomba baba yake amhamishie shule ya Gongoni.

Sasa sikia, Dada. Jumatatu alikuja kijana wa rika lake, kaandamana na shangazi yake. Nikawapa mchezo ule ule, bila swali. Walipokwisha kuvuka barabara ndipo nilipokumbuka kuwa shangazi naye hakumzaa.

Huenda mchezo ule unadhuru kweli, na sharti jema laweza kusimamiwa na moyo wenye wivu. Sina hakika. Umerudishwa jana, nami sijaupandisha rafuni. Uko chini ya meza yangu. Sijui kama namficha Jaha asiuone, au namwekea ili awe na la kunijia. Wa kunijibu ni yeye, na yuko kwa Wangu.

Nibusie mkono wa Mama. Umsomee yote, isipokuwa habari za Jumatatu.

Mdogo wako akupendaye,
Harusi