Usitoke Kabla ya Kuhesabiwa

Salgaa
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa binti yangu Mitchelle,

Habari za huko Karagita? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, na hilo nimelizoea. Mama yako anakusalimu sana. Jana malori yalikwama barabarani na madereva wakaingia hotelini kwetu wakala kama watu waliotoka jela. Kufikia saa tatu chapati zilikuwa zimeisha.

Nimeona ujumbe wako. Unasema ziwa limerudi kwa ploti yenu ya vyumba vya kukodi kama mwaka jana, maji yamefika nusu ya kozi ya kwanza, ile safu ya chini ya mawe ya ukuta, na unauliza kama uje nyumbani. Jibu ni hapana, usije bado. Soma mpaka mwisho kabla ya kununa.

Ulikuwa na miaka mitatu tulipokimbia vita Kuresoi, hukumbuki. Tulilala kwa hema pale uwanjani Nakuru, wewe ukikohoa, mpaka mjomba wako akatuonea huruma akatupeleka kwa chumba chake. Asubuhi iliyofuata ndipo walipokuja kuhesabu watu. Waliokuwa kwa hema wakaandikwa, wakapewa shamba. Mimi nilirudi mbio nikaambiwa, "Mzee, wewe una pa kulala, wewe si mkimbizi." Mimi, ambaye nyumba yangu ilikuwa bado inatoa moshi! Kila kitu nilicho nacho leo nimekitoa kwa kuziba tairi za watu, moja moja, kabla ya kufungua hii hoteli.

Sasa hicho chuo chako cha mtandaoni kinachukua waliofurushwa makwao. Ni nani anasema umefurushwa? Kamati ya mafuriko, hao wanaokuja kuhesabu watu. Kamati ikikukosa mlangoni, wewe ni msichana aliyeenda kutembelea wazazi, na masomo yameisha. Kwa hivyo kaa. Nimepiga hesabu: jiwe ni inchi tisa, maji yamepanda nusu jiwe kwa wiki. Umesema kitanda umekiinua kozi tatu. Una wiki tano kabla hayajafika godoro. Watakuwa wamehesabu.

Ila niambie tena unasomea nini. Mama yako aliniuliza nikasema falsafa, historia, mashairi na nyota. Akasema, "Nyota? Si angeziangalia tu bure."

Ni mimi,
Baba yako

*

Karagita
19 Oktoba 2025

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mama anapumzika. Mimi sijambo, miguu tu ndio imekuwa myeupe kama tumbo la samaki kwa kukaa majini.

Baba, hesabu yako ni nzuri lakini ziwa halijaisoma. Maji yamepita kozi ya kwanza, yako katikati ya kozi ya pili. Stima imekatwa. Nachaji kompyuta kule juu kwa kinyozi, na ananiruhusu nisome hapo nyuma ya kioo chake, kwa hivyo darasa langu lote limezoea kelele ya mashine ya kunyoa.

Wiki hii mwalimu wetu, Bi. Jepleting, alituuliza nyumbani ni wapi. Yeye hufundisha akiwa Eldoret, na wenzangu wako Kakuma, wako Uganda, kuna mmoja anasomea kwa kituo cha petroli. Kila mtu akasema kitu cha kuliza. Mimi nikasema nyumbani ni pale baba yako anakukataza kuja. Wakacheka mpaka mmoja akapotea hewani.

Sikusema kwa ubaya. Lakini kiboko aliingia ploti juzi. Alikula sukuma wiki zote za jirani yangu Tabby, akasimama mlangoni kwangu, nikamsikia akipumua. Tabby anasema watu wanaogopa maji bure, anayeua ni huyo.

Bwana Muiruri wa kamati amesogeza hesabu tena. Nilimuuliza kama naweza kuja kwenu nirudi siku yenyewe. Akanijibu, "Mtu asiyekuwa mlangoni pake, kwangu hayupo." Niruhusu nije hata wiki moja tu, baba. Nimechoka.

Mwanao,
Mitchelle

*

Salgaa
23 Oktoba 2025

Mitchelle mamangu,

Natumaini hujambo. Sisi wazima.

Hapana. Hawa watu hawatangazi siku ya hesabu. Wanangoja uende dukani ndio wafike. Nawajua.

Nimerudia hesabu. Sasa ni jiwe zima kwa wiki. Ongeza kozi mbili chini ya kitanda. Mpe Makhanu, yule mwenye mashua, pesa kidogo akubebee mawe. Gambuti, viatu vya mpira vya kukanyagia maji, nimempa dereva anaitwa Kimeli, atazipitisha Jumamosi. Huyo kiboko ukimsikia usiwashe tochi wala usipige kelele, kaa kitandani. Akiwa kati yako na maji, usipite kabisa.

Kimeli aliniuliza unasomea nini. Nikamwambia kila kitu. Akasema, "Kila kitu na hakuna kazi moja? Basi huyo ni MCA, mheshimiwa wetu wa kaunti." Hoteli nzima ikacheka. Nikamwambia lipa chai yako uende. Lakini nilikuwa nimefurahi, kwa sababu kwetu wewe ndio wa kwanza ambaye watu wanauliza anasomea nini.

Vumilia kidogo.

Baba

*

Karagita
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kwa baba,

Shikamoo, na poleni kwa kunyamaza. Najua ulipiga simu. Tumbo lilinishika wiki mbili, vyoo vyote vimefurika na maji ni hayo hayo. Sasa nimepata nafuu, nimekonda tu. Mama asiambiwe.

Maji ni ya kiuno. Tabby ameenda kwa mamake Molo, akaniachia jiko lake. Katika laini yetu nimebaki mimi pekee. Kukiwa kimya nasikia ukuta wa chumba cha mwisho ukidondosha plasta majini.

Baba, kuna kitu. Nilimwandikia Bi. Jepleting kumwelezea kwa nini nimekosa madarasa, nikamwambia lazima nikae hapa nisije nikatolewa chuoni. Alinipigia hapo hapo. Barua waliyohitaji ya kuonyesha nimefurushwa ni ile ya mwaka jana, na wanayo. Hawajali ninalala wapi. Alisema ningeweza kusomea Salgaa tangu siku ya kwanza. Akaniuliza, "Mitchelle, ni nani alikwambia ubaki kwa maji?"

Sikukutaja.

Nimepanga vitu vyangu. Makhanu anaweza kunitoa leo jioni. Lakini Muiruri amepita na mashua, akasema hesabu ni Jumanne asubuhi kwa hakika, mlango kwa mlango, na watakaopatikana watapewa ploti ya kujenga huko juu. Najua hiyo kwako ni kitu kikubwa. Niondoke leo, ama nikae mpaka Jumanne? Amua wewe. Nakungoja kabla Makhanu hajafunga mashua.

Mwanao,
Mitchelle

*

Salgaa
9 Novemba 2025, jioni

Mamangu,

Pole kwa tumbo. Ungeniambia.

Huyo mwalimu ni mtu mzuri, mwambie asante. Kwa hivyo chuo kiko salama. Nimekaa na simu hii mkononi mpaka chai ikapoa.

Kaa mpaka Jumanne. Si kwa sababu ya chuo. Ni kwa sababu yangu. Miaka kumi na saba nimesikia ile sauti ikiniambia mimi si mkimbizi. Ni usiku mbili tu. Jumanne nitakuja mwenyewe na lori la Kimeli, na jioni utakula samaki wa mama yako.

Baba yako

*

Karagita
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mitchelle nyathina, mwanangu,

Habari yako? Natumaini umzima, popote ulipo.

Nakuandikia nikiwa kwa mashua ya Makhanu, nje ya chumba chako. Simu yako haiingii. Ujumbe niliokutumia jana mvua ilipoanza bado una tiki moja, haujakufikia.

Tulifika kumepambazuka. Ukuta wa mwisho umeanguka na wa pili umeufuata. Mlango wako uko wazi. Kitanda kimegeuka, godoro liko pembeni, kompyuta iko juu ya kabati imefungwa kwa nailoni. Gambuti hazipo. Makhanu anasema labda ulitoka ukitafuta pa juu. Amewapigia watu wa kwa kinyozi na watu wa kanisa. Hakuna aliyekuona. Wavuvi wawili wamezunguka kwenye matete, wamerudi, hawataki kuniangalia usoni. Mama yako hajui. Kimeli ameenda na boda boda kuuliza hospitalini.

Muiruri amefika na karani wake kuhesabu. Nyumba nyingi walipita bila kusimama. Hapa kwako wakasimama. Karani akasoma, "Mitchelle Akeyo?" Maji yalikuwa yanagonga mbao za mashua. Makhanu akaniangalia. Karani akarudia.

Nikasema, "Yupo."

Akaandika, wakaenda mlango unaofuata.

Umehesabiwa, mamangu. Sasa toka.

Baba yako