Jina langu chini ya mchoro wa breki

Shoga, nimetoka kiwandani kwa mjomba sasa hivi, kinyaa hakijanitoka.

Hospitali ilituletea breki ya lifti tuwatengenezee nyingine. Nikaipima kwa leza, kompyuta ikaonyesha wazi upande mmoja umelika milimita nne. Nikamwambia mjomba tusiinakili hivyo, nirekebishe mchoro kwanza ndipo tumimine chuma.

Akajibu, “Nimeahidi kesho. Nakili ilivyo.”

Nikadhani ananitania. Akarudia huku anachokonoa meno: “Nakili ilivyo. Nani atajua?”

Lifti ya wagonjwa, shoga. Nani atajua.

Nikakataa. Akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akafuta maelezo yangu yote kuhusu kulika, kisha akaandika jina langu chini ya mchoro. Jina langu, si lake.

Fundi wa hospitali aliyeileta breki alikuwa pale nje anasubiri tumalize kupima. Nikamwita, nikamfungulia vipimo vya mwanzo aone kwa macho yake. Alibeba breki yake akaondoka.

Unajua mjomba alisema nini baadaye? Wagonjwa hakuwataja hata kwa bahati mbaya. Aliniomba tu nisimwambie mama, eti dada yake atamwonaje.