Mkutano Umefutwa, Pombe Imeshapikwa

Jumanne, Katandala

Nimewatangazia pale dukani kwamba nimekataa kwenda Ulaya, baridi ya Sumbawanga inanitosha. Uongo mtupu. Mkutano wenyewe wa watafsiri umefutwa, wafadhili wamejitoa, na koti nilishanunua.

Sisi tunaotafsiri programu moja ya bure ya kompyuta kwa Kiswahili tunajitolea tu, hatupati hata soda. Leo tumeongea kwa simu, kila mtu analalamika. Nikawasimulia enzi za mama yangu, watu walipokuja kumlimia kwa pombe ya ulezi. Mvua ikizuia jembe, pombe haikumwagwa. Walikunywa, wakaimba mpaka nyumba ikatikisika, na kesho yake wakarudi shambani bila kuitwa. Nimekumbuka sauti ya mama akiwacheka.

"Sasa mzee, unatushauri tulewe?" akauliza Kasongo wa Kongo.

"Wewe tayari umelewa. Nasema tukutane siku ileile ya mkutano, kila kundi nyumbani kwa mmoja wao, tufanye kazi huku tumeunganishwa kwa simu."

Wamekubali. Wa huku watakuja kwangu.

Lakini Kasongo... Yuko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tu, na bado tulisubiri Ulaya ituonanishe! Miaka yote namjua kwa sauti. Tumezeeka, naogopa tutazikana hatujaonana.

Kasongo, ulipougua malaria nilizimaliza kurasa zako zote, ukasema una deni langu. Basi siku hiyo usisingizie bando. Washa kamera, nikuone sura.