Nafasi ya Kamati

Utemini,
Singida.
8 Septemba, 1968.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Paulo Mughwai,

Shikamoo, Baba. Shikamoo tena. Dada Kristina, wewe unayesoma, zisome zote mbili, usidhani mkono wangu umeteleza. Tena nakuomba umsomee Baba akiwa peke yake, zizini au popote mtakapopata utulivu, si barazani mbele ya majirani kama tulivyozoea kusoma barua zangu. Akishasikia yote, yeye mwenyewe ataamua nani mwingine asikie.

Baba, natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua hakikusumbui sana kwa vumbi hili la kiangazi. Mama hajambo mguu? Yule mtamba mwekundu ameshazaa? Na nyuki je, bado wamo kwenye mizinga, au wamehamia porini zaidi kufuata maji? Mimi mwili haujambo. Chakula napata, na watoto wa shule wananisumbua kwa kadiri yao. Ningeweza kuishia hapo, nikaongeza salamu za ukoo mzima na kutia sahihi, kama nilivyofanya katika barua zote za mwaka huu. Lakini leo sina raha, na nimekaa na kalamu hii tangu watu watoke kanisani.

Nimepata barua ya Dada. Anasema ulirudi Itigi salama, ukawasimulia kwamba wakubwa wa mashindano waliipokea asali yako kwa mikono miwili, wakakuketisha kwenye kiti cha mbele chini ya turubai, na wakakushukuru kwa kumlea mtoto mwenye adabu. Anasema Mama amekuwa akiimba kisimani mpaka wenzake wamemchoka. Baba, niliisoma barua hiyo darasani, na ilinibidi niwaachie watoto kazi ya hesabu nitoke nje. Mwenye adabu! Neno hilo mpaka sasa linaniwasha mwilini kama upupu.

Kosa la kwanza ni langu, kwa sababu sikukueleza vizuri. Mchezo wenyewe unaujua kwa kuusikia tu: watu wawili, wavu katikati, raketi na mpira mdogo, na uliwahi kuniuliza wanaopigiana mpira huo wamegombania nini. Uwanja ni ule walioacha Wazungu karibu na boma, wa udongo wa kichuguu ulioshindiliwa. Baada ya Uhuru sisi walimu na makarani tukaanza kuingia pale, kwanza kwa woga, baadaye kwa majivuno. Mimi nilikuwa wa majivuno. Nilinunua kaptula nyeupe kabla sijajua kupiga mpira ukavuka wavu.

Mwaka huu mashindano ya kanda yalifanyika hapa kwetu, wakaja watu wa Dodoma, Tabora na kwingineko. Namna ya kuingia ni hivi. Walio wengi huingia kwa sifa, maana walishinda mwaka uliopita na majina yao yanajulikana. Wengine huingia kwa mchujo: wanashindanishwa wiki mbili kabla, na anayesalia anapata. Kisha kamati hubakiza nafasi mbili ambazo hazina mwenyewe. Hizo humpa inayemtaka, hata kama alishindwa kwenye mchujo. Anaweza kuwa bingwa wa zamani aliyekuwa mgonjwa, au kijana wanayeona atakuja kuwa kitu, au mtu wa klabu iliyotupa sisi nafasi kama hiyo ilipokuwa mwenyeji. Na mara nyingi moja huwekwa kwa ajili ya mwenyeji, ili watu wa mji wapate wa kumshangilia. Wanakaa, wanajadili, wanapiga kura, jina linabandikwa ubaoni. Hapana kuomba kwa mdomo wala kuwafuata wajumbe nyumbani, na baada ya Azimio la Arusha wamekuwa wakali zaidi, maana mwaka jana huko kwingine mjumbe mmoja alimpa nafasi shemeji yake na maneno yakazagaa kila mahali.

Mwaka huu nafasi ya mwenyeji ilikuwa na watu wawili, mimi na Idrissa, yule rafiki yangu wa posta ambaye Krismasi nilikuja naye nyumbani ukamlisha asali mpaka akashindwa kusimama. Sote wawili tulitolewa kwenye mchujo. Idrissa ananishinda, Baba. Tumecheza mara nyingi na sina kumbukumbu ya kumfunga ila siku aliyokuwa na homa. Lakini yeye ni mtu wa Tabora, na mimi ni mzaliwa wa hapa, tena ninawafundisha watoto wa shule mchezo huu siku za Jumamosi. Kamati ikanichagua mimi. Idrissa alinipa mkono na kuniazima raketi yake, iliyokuwa nzuri kuliko yangu.

Ndipo nikakuandikia ile barua fupi ya kujivuna: kwamba wakubwa wamenipa nafasi ambayo sikuishindania, kwa kunipenda tu. Nilitaka uone mwanao amekuwa mtu. Sikukumbuka kwamba kwetu neno kama hilo lina taratibu zake. Tukialikana kulima, pombe ni ya waliolima, lakini mwenye shamba huweka kando chungu kimoja ampe anayempenda. Na aliyepewa chungu hicho, au baba yake kama yeye bado kijana, hakai kimya. Kesho yake anarudi na kitu mkononi. Asiyerudi, mwaka unaofuata hata kusalimiwa hasalimiwi vizuri. Wewe uliposomewa barua yangu ulielewa kama mtu yeyote wa kwetu angeelewa: mwanangu amepewa chungu cha kando, na anangoja nikamtolee shukrani. Ukafunga kilindo cha gome kilichojaa asali, ile nyeupe ya kwanza, ukapanda lori.

Mimi nilikuwa uwanjani Ijumaa ile, siku moja kabla ya mchezo wangu. Kamati ilikuwa imekaa kivulini na wageni wa Dodoma, na miongoni mwao alikuwapo daktari mmoja wa misheni asiyejua Kiswahili vizuri, kwa hiyo kilikuwa kinazungumzwa Kiingereza. Idrissa alikuwa amechuchumaa kando akifunga kamba za wavu. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mwenyekiti wetu, Bwana Laurian, nimevaa nyeupe tupu, nimeshika chupa ya soda, nacheka wanapocheka wao. Nikakuona unaingia langoni na katambuga zako na kilindo begani.

Dada, hapa usisome haraka.

Uliweka mzigo chini, ukavua kofia, ukawaamkia wote. Ukasema umetoka Itigi kuja kuwashukuru wakubwa kwa nafasi waliyompa mwanao Ntandu. Baba, hapa mjini hakuna anayeniita Ntandu. Kwao mimi ni Mwalimu Antipasi, na jina la nyumbani sikuwahi kulitaja. Niliona linanuka moshi wa jikoni. Bwana Laurian akakitazama kilindo, akakunja uso, akawauliza wenzake kwa Kiingereza hii ni zawadi ya nini, na Ntandu ni nani. Mjumbe mmoja akasema kwa kicheko kwamba kama kuna mchezaji ambaye kamati inaletewa asali kwa ajili yake, basi jina lake lifutwe leo leo. Kisha Bwana Laurian akageuka kwangu. Akaniuliza kama mimi, mzaliwa wa hapa, ninamfahamu mzee huyu.

Nikasema simfahamu.

Nilisema kwa Kiingereza, haraka, na hata sikuishia hapo. Niliongeza kwamba wazee wa porini huku huwa wanachanganyikiwa, labda anatafuta ofisi nyingine. Daktari akacheka. Bwana Laurian akakwambia kwa Kiswahili, kwa upole, kwamba hapa hakuna Ntandu, mzee, labda umepotea. Wewe hukujua Kiingereza, lakini ulinitazama usoni na ukaelewa kila kitu. Ningetaka uniite jina langu pale pale, unichape na kofia mbele yao wote. Hukufanya hivyo. Ulisema kweli, macho yako si mazuri siku hizi, umepotea njia. Ukaomba radhi kwa kuwasumbua. Kisha ukanigeukia mimi, mwanao, ukanipa salamu ya mtu asiyenijua, ukaniita bwana. Nami nikaitikia. Sikukupa shikamoo. Tangu nipate akili sijawahi kukutana nawe asubuhi au jioni bila kuitamka, hata siku zile tulipokuwa tumekosana juu ya ng'ombe, na siku hiyo nilisimama na soda mkononi nikaacha baba yangu aniamkie.

Idrissa alinyanyuka kwenye wavu. Alikutambua tangu ulipopita langoni. Angesema neno moja tu, nafasi ingekuwa yake kabla jua halijazama, na nilimwona akinitazama nami nikamwomba kwa macho. Hakusema. Alikufuata nje, na baadaye nilisikia kwamba alikuamkia, akakubebea mzigo, akakunywesha chai stendi, akakuonyesha ninapokaa. Hilo hata yeye hakunisimulia, niliambiwa na mwenye hoteli. Raketi yake alikuwa bado ameniachia.

Jioni niliporudi Utemini nilikuta kilindo mlangoni pangu. Mama Felista, mwenye nyumba, alisema kuna mzee amekiacha, na alipoulizwa jina akasema halina haja, mwalimu ataelewa. Kipo hapa pembeni yangu ninavyoandika. Sijathubutu kukifungua, na sisimizi wamekwisha kupata habari zake.

Jumamosi nilicheza na mtu wa Dodoma. Watoto wangu wa shule walikuja wamefuliwa sare zao, wakaniimbia. Sitakusimulia sana. Mchezo ulikwisha kabla watu wa mwisho hawajapata pa kukaa. Mipira ilikuwa inapita, na mimi naangalia lango. Watu walisema nafasi imepotea bure, na walisema kweli, ila hawakujua ilipotea Ijumaa.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Barua ya Dada ilipokuja, na habari za kiti cha mbele na turubai, nilishindwa kula. Nilielewa kwamba umewadanganya watu wa nyumbani, wewe ambaye ulituchapa kwa uongo wa yai moja, na umefanya hivyo ili Mama asijue amezaa nini. Nikaenda kwa Bwana Laurian nyumbani kwake. Nikamwambia Ntandu ni mimi, na yule mzee ni baba yangu. Nilitegemea anifukuze klabu, na kusema kweli nilitamani anifukuze.

Alinikaribisha ndani. Kisha akanieleza kwamba kura ilikwisha kupigwa wiki nzima kabla ya asali kufika, na jina likishabandikwa ubaoni halifutwi kwa shukrani ya mzazi. Yule mjumbe alikuwa anatania. Alisema kama ningetamka tu kwamba huyu ni baba yangu, wangekirudisha kilindo kwa heshima, wangekueleza kwa nini kamati haipokei kitu, na wangekuketisha kwenye kiti cha mbele, chini ya turubai, umwone mwanao akicheza. Alisema maneno hayo hayo, Baba, kiti cha mbele, turubai, wala hajawahi kuisoma barua ya Dada. Yote uliyowasimulia nyumbani yalikuwa yako kweli. Ni mimi niliyekunyang'anya.

Klabu hakunifukuza. Mimi mwenyewe nimeacha. Raketi nimemrudishia Idrissa, na watoto wa Jumamosi atawafundisha yeye. Nilimwomba msamaha, akaniambia nisianzie kwake.

Kwa hiyo naanzia kwako. Shule ikifunga nitapanda lori nije, na kilindo nitakuja nacho kama kilivyo. Kama utaona vema Mama aendelee kuimba, nitanyamaza na nitabeba. Kama utaona vema ajue, nitamwambia mimi kwa mdomo wangu, barazani, majirani wakiwapo. Na kama utaniambia nirudi nilikotoka kabla sijakaa, nitarudi.

Nisalimie Mama, mwambie ninamkumbuka. Msalimie mjomba na wote wanaoniulizia. Dada, asante kwa kusoma, na usilie mbele ya Baba.

Nikifika, Baba, nitasimama nje ya ua na kofia mkononi, kama wewe ulivyosimama. Nitasema shikamoo, na nitangoja hapo hapo. Ukiwa bado hujaniona vizuri, ukiniuliza mimi ni nani, nitajibu.

Ni mimi mwanao,
Ntandu.