Gitaa ya Radi na Mukeka wa Mama Sadiki

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa nane

Ndagala zimekauka vizuri. Nimeuza zote mbele ya saa sita. Bantu habaji ku meza yangu kununua samaki tu, banakuja kusikia habari. Nawapa. Tamasha ya kumukumbuka marehemu Radi, mupiga gitaa wetu, ni tarehe 24, ku uwanja wa mupira, hapa Baraka. Mastaa batatoka Goma, Bukavu, Bujumbura, na mumoja wa Lubumbashi mwenye nywele kama nyavu ya kuvulia. Bakubwa bote. Na nani atafungua? Furaha. Mutoto wangu. Nilimuzaa mi mwenyewe, kule Lweba, bila daktari.

Radi njo alimufundisha. Bengine balipiga rumba, ye alipiga roki, makelele ile bazee balisema ni ya mashetani. Sasa amekufa, bazee bale bale banasema alikuwa fahari ya Fizi nzima. Haya.

Furaha hana gitaa yake. Alijifunzia ile nyekundu ya Radi. Mujane wa Radi, Mama Sadiki, amekubali aishike siku ile moja. Komite walisema wazi: kila mupigaji na chombo chake. Bila ile nyekundu, hakuna Furaha ku jukwaa.

Baba yake anasema nipunguze mudomo. Huu mudomo njo ulilisha nyumba, ye akiwa anangoja samaki wapande wenyewe mu mutumbwi.

Jumatano, tarehe 7

Nimeona kitenge. Bluu, na ndege weupe. Sijaona kizuri vile. Muuzaji akasema: "Mama, hiki ni cha familia ya Radi. Batavaa siku ya kuondoa kilio." Yaani Jumapili ya tarehe 25, kesho yake ya tamasha, wakati matanga yatakwisha.

Nikanunua. Changu, na cha bamama wane wa soko. Furaha ni mutoto wa Radi kwa muziki. Basi mi siko mugeni.

Mushonaji amepewa amri: libaya, ile blauzi yake, iwe na mabega ya juu, kama ya bibi ya deputé wa bunge.

Jumapili, tarehe 11

Misa. Tuliingia katikati ya wimbo, bamama watano, bluu tupu. Vichwa vyote viligeuka. Hata cha padiri.

Furaha alinivuta inje. "Mama, ondoa hii libaya. Leo hii." Sikuondoa. Libaya mupya haiondolewi mbele ya bantu.

Jumatatu, tarehe 12

Siku mubaya.

Shangazi Apoline, dada mukubwa wa Radi, ameshuka kutoka Fizi. Alikuja moja kwa moja ku meza yangu. Mikono ku kiuno.

"Mama Furaha, nifundishe. We ulimuzaa Radi, ama alikuoa?"

Akanyosha kidole ku mabega yangu.

"Maana hiki kitenge ni cha ndugu wa damu. Sisi benye kufiwa hatujakivaa. We ulishakivaa mu misa, na mabega kama mabawa ya ndege ya askari wa MONUSCO."

Bantu balicheka. Mi, mwenye kujibu wote! Nilianza kupanga ndagala zilizokwisha kupangwa.

Jioni neno likafika. Mama Sadiki amekataa. Kwetu chombo cha marehemu kinageuzwa ukutani mpaka kilio kiondolewe. Gitaa alikubali kuigeuza kabla ya siku yake, kwa ajili ya Furaha. Sasa haigeuzi. Eti kama mama yake amekwisha kurithi kitenge, kesho atarithi na nyumba.

Furaha hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Alisema: "Bengine bana mama. Mi nina bafle." Bafle, zile sanduku kubwa zinazotoa makelele ku ngoma.

Nimeandika na nimefuta. Nimeandika tena.

Jumanne, tarehe 13

Nina hasira. Na Apoline. Na muuzaji. Na mushonaji, yale mabega yalipita kipimo.

Nilimuuliza Baba Furaha kosa langu ni nini kabisa. Hakuinua macho ku nyavu. "Kilio cha Radi, ulikaa ku mukeka na mujane?"

Nikasema nilipita. Nilipita mara mingi. Nilisalimia toka barabarani.

"Ulipita," akasema. Akaendelea kushona nyavu.

Jumatano, tarehe 14

Nimekwenda. Kitenge cha zamani, kile cha shamba. Kuni ku kichwa, sombe ya majani ya muhogo mu sufuria, chupa ya mawese. Mama Sadiki alikuwa ku mukeka na bamama wengine. Hakunijibu salamu. Hakunisogezea nafasi. Nilikaa chini ku udongo, pembeni.

Gitaa iko mu kona, uso ukutani, kama mutoto aliyeazibiwa ku masomo.

Sikusema kitu juu ya Furaha. Mudomo unawasha kama nimekula pilipili. Mama mumoja alisema, "Na ile tamasha..." Niliuma ulimi. Kweli kabisa, niliuma, unauma mpaka sasa.

Ijumaa, tarehe 16

Nimechota maji. Apoline alisimama mulangoni.

"Leo umekuja kuuza nini?"

"Maji."

"Bei?"

"Bure, shangazi."

Alinipisha. Hakucheka, lakini alinipisha.

Jumapili, tarehe 18

Mama Sadiki amesema na mi. Si juu ya gitaa. Alisema Radi, akikula samaki ya mukeke, alikuwa anaanza na kichwa, halafu anaacha mukia kwa paka. Alisema vile tu.

Nilikuwa na hadisi kumi za kichwa cha samaki. Nilijibu, "Ee."

Jumanne, tarehe 20

Gari ya mastaa ya Bukavu imekufa njiani, kule Makobola. Banasema fundi ametoka Uvira. Yule wa Lubumbashi amekwisha kufika, anazunguka Baraka na miwani nyeusi, batoto nyuma. Jukwaa imesimama. Upepo wa kiangazi unaleta vumbi mu kila sufuria. Situlii. Ninafagia mahali nimekwisha kufagia.

Furaha anajifunzia ku fimbo ya ufagio. Mukono wa kushoto unatembea ku mbao, mukono wa kulia unapiga hewa. Nilimuona kwa dirisha. Nilitoka haraka nisipige kelele.

Ku mukeka, nilifungua mudomo nimuombe Mama Sadiki. Aliniangalia. "Sema."

Nikasema sombe imeiva.

Mujinga mi.

Alhamisi, tarehe 22

Asubuhi Mama Sadiki alikuwa ananisaidia kuchambua muchele. Bila kuniangalia akasema: "Lete mutoto."

Nilikimbia. Mwili huu, miaka hii, nilikimbia mpaka nyumbani na kiatu kimoja.

Furaha alipiga magoti. Mama Sadiki alisimama mwenyewe, akaigeuza gitaa na mikono yake, akapangusa vumbi na kanga. "Piga. Bila umeme."

Gitaa ya roki bila umeme ni kitu kidogo sana. Inalia kama ndagala mu mafuta. Furaha alipiga ule wimbo ambao Radi aliupigaga mpaka mabati yakatetemeka. Mama Sadiki alifunga macho.

"Hivi njo alikuwa ananipigia mi," akasema. "Mvua ikinyesha, batoto wamelala. Yale makelele yalikuwa yenu."

Apoline njo alilia wa kwanza. Apoline!

Halafu akapangusa pua, akaanza kupanga mambo. Furaha achukue gitaa. Familia itakaa mbele, bageni banawangoja. Lakini kilio hakijaondolewa. Mujane haendi ku ngoma, na mujane habaki peke yake. Nani atabaki na ye?

Bamama bote baliangalia miguu yao. Kila mumoja amekwisha kusuka nywele.

Nikasikia mudomo wangu unasema: "Nitabaki mi."

Huu mudomo. Mwezi muzima ninatangaza tamasha, na mudomo huu huu umenifungia mulango.

Jumamosi, tarehe 24

Bantu wametoka hata Mboko, wengine juu ya mizigo ya malori. Gari ya Bukavu imefika. Furaha alinikuta ninafunga sahani za chakula. "Mama, utakaa upande gani, nikuangalie?"

"Ku mukeka."

Hakuelewa, halafu akaelewa. Alinifunga kitambaa cha kichwa vizuri, kama mi njo mutoto. Akaenda na gitaa ku mugongo.

Jua limezama. Tulikaa wawili tu. Kwa jirani hakuna hata mutu wa kukohoa. Tukasikia grupe, ile mashine ya umeme, inawaka kule uwanjani, halafu mutangazaji. Alisema jina la mutoto wangu na upepo wa ziwa ukalichukua. Sikulisikia! Nilisikia tu bantu banapiga kelele.

Halafu gitaa.

Ardhi ilitetemeka chini ya mukeka. Kila mufupa ulitaka kusimama. Nilishika ukingo wa mukeka na mikono miwili. Ni ye. Ile kawaida yake ya kuchelewesha kidogo kabla ya kupiga, Radi alimugombeza miaka juu yake, na mutoto hakuacha.

Mama Sadiki akaniuliza, polepole: "Ni nani huyo anapiga?"

Alijua. Alikuwa ananifungulia mulango nijisifu. Nilikuwa na maneno ya mwezi muzima mu kifua.

Nikasema: "Sikiliza kwanza."

Tukasikiliza.

Jumapili, tarehe 25

Kilio kimeondolewa. Familia ilivaa bluu, ndege weupe. Mi nilikuwa ku masufuria, kitenge cha shamba. Gitaa imerudi mu kona yake, uso kwa bantu.

Ku soko waliniuliza ilikuwaje. Nikasema waulize waliokuwa kule. Baliniangalia kama nina homa.

Furaha amelala. Vidole vya mukono wa kushoto vimepasuka. Nimevipaka mawese, kimoja kimoja. Hakuamka.